Mkoba Haujafungwa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe mama, uliyeishika karatasi hii ukaisogeza dirishani upate mwanga, shikamoo. Natumaini inawakuta wazima, magoti ya baba yametulia na kikohozi cha mama kimekwenda zake kisikumbuke njia ya kurudi. Mimi sijambo, ila uchovu. Nikisema uchovu msidhani naumwa. Ni ule wa mtu anayeamka amechoka kuliko alivyolala. Kula nakula, kazini nakwenda, nguo nafua, na nikishamaliza kuzianika nakaa kwenye ukingo wa kitanda nikitazama ukuta mpaka nikumbuke nilichokuwa nataka kufanya.

Mama, kabla hujaendelea, nina ombi. Nakujua. Ukimsomea baba barua, hukawii kuruka hapa na kutia chumvi pale. Ile barua ya kaka ya kueleza alivyogombana na mkewe uliisoma kwa namna ambayo baba alidhani wanajenga nyumba ya pili. Hii isome kama nilivyoiandika, hata utakapofika mahali ukatamani kuiweka chini. Na wewe baba, ukimsikia amenyamaza katikati ya sentensi, mwambie arudi nyuma.

Mtauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, kwenye simu unaongea kama mtu anayemwita mwenzake aliye juu ya paa, na kabla sijafungua mdomo unasema haya, ongea na mama yako. Neno nililo nalo ni refu na nataka lifike lote. Tena si neno la kusikilizwa huku umesimama. Kaa kwenye kiti chako.

Huku ofisini ni yaleyale. Bado tupo juu ya duka la magodoro, bado lifti ni mbovu, na bado kwenye mlango wake kuna karatasi inayotuomba radhi kwa usumbufu wa muda mfupi. Karatasi yenyewe imeshageuka rangi. Tunapanda ngazi, tukifika juu kila mtu anashika kiuno chake kimyakimya. Feni ni moja kwa chumba kizima, inageuka kwa kusuasua, na ikikaribia upande wangu inakwama, inatikisa kichwa kama imesikia jambo la ajabu, halafu inarudi ilikotoka. Mkubwa wetu wa kazi mnamfahamu kwa masimulizi yangu, yule tuliyembatiza Bwana Kesho. Feni itatengenezwa kesho. Likizo tutazungumza kesho. Si mtu mbaya, mama, usianze kumwombea mabaya. Ni mtu aliyezoea kusukuma mambo mbele kwa kidole kimoja, na mambo hayo yakifika mwisho wa meza yanaangukia miguu ya wengine.

Kazi yangu nayo ni ileile ya kutengeneza vibao vya mchezo wa mabomba. Mama, nasikia bado unawaambia majirani kwamba nimeajiriwa idara ya maji. Nimechoka kukanusha, waache waamini, ila wasije wakanipigia mimi maji yakikatika. Kwa faida ya kaka, ambaye najua atanyakua barua hii aisome peke yake na ambaye hajawahi kuelewa ninachofanya, ni hivi. Kwenye kioo cha kompyuta kuna uwanja wa miraba, ndio kibao chenyewe. Upande mmoja lipo tangi, upande wa pili ipo nyumba. Unapewa vipande kimoja kimoja, mara bomba la kunyooka, mara elbo ya kukatia kona, mara tii ya kugawa njia, nawe unavipanga mrabani kabla maji hayajafunguliwa. Maji yakikuta mdomo ulio wazi yanamwagika, unaanza upya. Mimi ndiye ninayepanga kila kibao kiweje na kipewe vipande gani, kisha nakicheza mwenyewe kuhakikisha maji yanaweza kufika. Watu wakisikia wanasema, ala, kumbe unalipwa kwa kucheza! Waje basi. Wacheze kibao kimoja kutwa mpaka macho yawashe. Mimi siku hizi nikipita barabarani natazama kuta za watu kutafuta bomba linaingilia wapi, na nikifumba macho nayaona yakijipanga yenyewe.

Baba, unakumbuka nilipokuletea ile kompyuta kuukuu ya ofisini? Magoti yalikuwa yamegoma kuingia tena kwenye mitaro, ukawa unashinda kibarazani ukikosoa kazi za mafundi wa mtaani kwa mbali. Nikakuwekea mchezo wetu. Ukaguna, ukasema mabomba ya kuchorwa ni ya watoto. Halafu ukakaa, na siku nzima ya kwanza hukulaza hata kipande, ulikuwa unatafuta vali. Ulitaka kufunga maji kwanza ndipo uanze kazi, kama mtu mwenye akili timamu. Nilipokwambia mchezo hauna vali, ukasema aliyeutunga hajawahi kulowa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilirudi nikawasimulia ofisini, hata Bwana Kesho akacheka, akasema vali tutaiweka kesho.

Kisha ukanaswa. Mama alianza kulalamika kwamba akikuita mezani husikii. Ukawa unalaza mabomba kinyumenyume, kuanzia nyumbani kwenda tangini, kwa sababu maisha yako yote ulianzia pale mtu atakapokingia maji. Wengine wote wanaanzia tangini, wakifika kati wanababaika. Wewe ulikuwa unafika. Ukimaliza kibao ulinipigia na kunipa taarifa kwa kelele zako, na mimi nilikuwa naiweka simu mbali na sikio, nikitabasamu kama mjinga mbele ya wenzangu. Sijui kama nimewahi kukwambia kwamba katika kazi hii yote ya kuchosha, zile simu zako ndizo zilizonifanya nipande zile ngazi. Ni kweli kabisa, baba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi mama alinipigia kwa kunong'ona, yuko jikoni, amefungua koki maji yapige kelele usimsikie. Nikashtuka, maana kwenye nyumba yako mtu haachi koki wazi hivihivi, nikajua kuna zito. Akanieleza habari za macho. Akasema wingu la jicho la kulia, yaani mtoto wa jicho, limeshaiva na la kushoto linalifuata, daktari amesema upasuaji wenyewe ni mdogo, na siku ilishapangwa. Kaka alikuja na gari, akakukuta umevaa shati la kutokea na viatu umefunga kamba, lakini umekaa mbele ya kompyuta, pua karibu iguse kioo. Ukamwambia aende tu, una kazi hujaimaliza. Ikapangwa siku nyingine, ikawa vilevile. Kaka aliporudi kwa daktari kuomba radhi, akaambiwa kwamba wingu likiachwa mno linakuwa gumu, na linaweza kuleta presha ndani ya jicho, na jicho likishazimwa na presha hiyo halirudi. Alimwambia kaka hayo waziwazi. Mama akayarudia kwangu.

Akaongeza jambo moja kama mtu anayesema upuuzi. Akasema, tena baba yako ametoa ule mkoba wake wa kazi chini ya kitanda, ameuweka pembeni ya kompyuta, mdomo wazi, spana ile kubwa imechungulia nje, na kila siku mimi najikwaa. Nikimwambia aufunge, ananitazama kama nimemtukana. Mama anaona ni ubishi wa uzeeni. Mama, si ubishi. Niliposikia habari za huo mkoba, nilikaa kwenye ngazi za ofisi, watu wakawa wananiruka.

Maana mimi naujua ule mkoba. Tangu nina akili sijawahi kuona baba akiufunga kazi ikiwa haijaisha, na kazi kwake haikuwa imeisha kwa sababu bomba limefika. Ilikuwa imeisha pale mwenye nyumba alipokuja mwenyewe, akaifungua koki kwa mkono wake, akakinga maji akanywa. Baba hakukubali mke amfungulie mume, wala mpangaji amfungulie mwenye nyumba. Kama mwenyewe amesafiri, mkoba ulibaki wazi mpaka arudi. Uliulaza wazi hapo sebuleni kwetu mara ngapi, baba, mama akiupigia kelele? Na ulikuwa hushiki kazi nyingine, huendi kwenye shughuli yoyote, hata nywele hukati. Tulikuwa tunakutania kwamba hata ukifa katikati ya kazi utaomba ruhusa kwanza kwa mwenye nyumba.

Na namkumbuka yule muuza viatu. Kaka hakuwa akishughulika na kazi zako, huenda hakumbuki. Ulifika kwake, ukamuuliza swali lako la kwanza la siku zote, maji ya mtaani yapo? Akajibu yapo. Ukachimba. Ukachimba kuzunguka nyumba nzima, ukavunja na sakafu ya choo, ukitafuta lile bomba kubwa linalotoka barabarani. Ulirudi nyumbani kila jioni ukijilaumu kwamba umesahau kazi, kwamba sikio lako halisikii tena bomba liko wapi ardhini. Mwisho mke wa yule bwana akaona huruma akasema kwamba bomba la barabarani lilikwishang'olewa zamani, mumewe alijua, alidhani labda fundi mwenye bahati atapata jingine. Hukugombana naye. Uliniambia mimi, nikiwa nakusaidia kuosha vyombo vyako vya kazi, kwamba kuchimba si neno, kuchimba ndiyo kazi yako. Kilichokuuma ni kwamba angeweza kukwambia asubuhi ile ile, ukafunga mkoba wako ukaenda zako. Badala yake alikaa kibarazani akanywa chai akikutazama. Tangu siku hiyo hukumsalimia tena yule mtu. Alipofiwa ulikwenda msibani, ukawapa mkono watoto wake wote, yeye ukampita.

Mama, najua sasa umeanza kunusa kitu. Usiiweke chini. Endelea.

Uliniambia pia kwamba baba haoni kuwa tatizo ni macho tu, ameanza kusema ni kichwa. Kwamba anakaa akiguna, binti amesema njia ipo, basi ipo, ni mimi. Kwamba alikwambia hana sababu ya kutengenezewa macho ikiwa kichwa chenyewe kimeziba, maana ataona vizuri kitu gani, ataona vizuri asivyofaa? Ukalia, mama, na koki yako ikiendelea kumwaga maji. Halafu ukanipa shauri, nimtengenezee kibao chepesi kinachofanana na hicho cha mwisho kilichomshinda, nikiweke kwenye flashi, nimpe dereva wa basi, kaka akakibadilishe baba akiwa amelala. Amalize, afurahi, aende hospitali. Nikasema sawa. Na nilikitengeneza, haikunichukua muda. Flashi ninayo hapa mezani ninapoandika.

Sikuituma, na sasa nitasema kwa nini.

Baba, kibao hicho hakina njia.

Mama, rudia hapo, kama umeipita haraka. Kibao cha mwisho, kile cha mji wa mlimani, hakina njia. Hukukosea popote. Hata ungekuwa na macho ya kijana wa shule, hata angekaa hapo fundi aliyekufundisha wewe kazi, maji yasingefika. Kinahitaji elbo moja zaidi ya zile zinazotolewa, na elbo hiyo haipo kwa sababu mimi niliitoa. Si hitilafu ya kompyuta. Niliitoa kwa mkono wangu.

Ilikuwa hivi. Wachezaji walikuwa wanamaliza haraka, na sehemu ya pili ya mchezo haikuwa tayari. Bwana Kesho akaja akaegemea meza yangu, akaniomba niweke kitu cha kuwashikilia watu kwa muda. Nikamuuliza kitu gani. Akasema wewe ndiye fundi, unajua. Nilijua. Sitamsingizia kwamba alinilazimisha, hakunishika mkono. Nilikuwa nimechoka, na kutoa kipande kimoja kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Nikajiambia ni kwa muda mfupi tu, kama ile karatasi ya kwenye lifti. Kijana aliyekuwa anaandika ile sehemu ya pili akaacha kazi, na mpaka leo haijulikani itakuja lini. Huko nje wapo waliokasirika, wapo waliotukana, wengi waliacha tu wakatafuta mchezo mwingine. Nilidhani wote wataacha. Sikukufikiria wewe.

Kisha ukanipigia. Siku ile hukupiga kelele, na kwa hilo peke yake nilipaswa kushtuka. Uliniuliza kwa sauti yako ya kazini, ya chinichini, ile ya kusimama mlangoni pa nyumba ya mtu. Uliniuliza, mwanangu, hiki kibao cha mwisho kina njia? Bwana Kesho alikuwa amekaa meza ya pili, na tulishaagizwa tusimwambie mtu wa nje. Lakini hata asingekuwepo sijui kama ningesema. Niliona aibu, baba. Ulikuwa umenisifu sana kwamba nimeifuata kazi yako kwa njia yangu. Nikakujibu, kina njia, baba, angalia vizuri.

Sikujua habari za macho wakati huo. Hilo si la kujitetea, nalisema tu ujue. Lakini tangu mama aliponinong'oneza jikoni, hayo maneno mawili yanazunguka kichwani mwangu pamoja na yale mabomba. Angalia vizuri. Nimemwambia nani?

Ndiyo maana sikutuma flashi. Ungeimaliza, ungefurahi, ungekwenda hospitali, na mama angepumzika, na mimi ningepata usingizi. Lakini ungeishi ukiamini kwamba njia ilikuwepo siku zote na wewe ulikuwa huioni. Ungesema kichwa kiliziba kisha kikazibuka, na siku yoyote ukipotea kidogo au kusahau jina la mtu, ungejiambia kimeanza tena. Ningekuwa nimekuacha uchimbe, halafu nimekutupia bomba la uongo mtaroni ili ulipate. Yule muuza viatu angalau hakufanya hilo la pili.

Najua sasa mimi ni yeye. Ukiamua kunipita kama ulivyompita yeye, nitaelewa, ingawa sijui nitaishije nayo, maana mimi nina baba mmoja tu. Ila kabla hujaamua, niruhusu nitimize kitu ambacho yeye hakukitimiza. Kila kazi yako ilikuwa na mwenye nyumba, na mpaka mwenye nyumba aseme, mkoba haufungwi. Mwenye nyumba wa kazi hii ni mimi. Tangi ni langu, ile nyumba ya pembeni ni yangu, na elbo iliyokosekana iko kwangu. Nami nakwambia, nimesimama mlangoni kwangu, kwamba maji ya mtaani hayapo. Hayajawahi kuwepo. Kazi yako umeifanya yote, imebaki aibu yangu, na hiyo haitengenezwi kwa spana. Funga mkoba, baba. Nenda wakakutoe hilo wingu.

Kaka nimemwandikia ujumbe kwamba aombe siku nyingine kwa daktari, na amenijibu ameipata, ni wiki ijayo. Nimeomba ruhusa ya kuja. Bwana Kesho amesema tutazungumza kesho. Mimi nitakuwa njiani, azungumze na feni. Kama hutaki kuniona nitakaa nje ya wodi na kaka, nitabeba chupa ya uji, nitasaidia lolote litakalohitajika. Flashi nitaiacha huku mezani. Siku utakayotaka mwenyewe, macho yakiwa yamepona, ndipo nitakirudishia kibao kile elbo yake, na ukitaka hutakicheza kabisa.

Nisalimie majirani wote, na yule fundi wa mtaani unayemkosoa kutoka kibarazani mwambie bado anakaza nati kupita kiasi, najua ungetaka aambiwe. Kaka na watoto wake nawasalimu sana. Mama, pole kwa kusoma haya yote kwa sauti, na pole kwa ule mkoba unaokuangusha. Ukimaliza, usinitetee wala usimuulize baba kitu. Kunja karatasi, nenda jikoni kama una kazi huko, na koki uifunge kabisa upate kusikia. Ukisikia spana imegonga ndani na zipu imevutwa, nibipu mara moja tu. Sitapokea. Nitajua.

Ni mimi mwanao mwongo, anayekupenda,

Kasuku wako, kama ulivyozoea kuniita